Sehemu ya Pili ya Wimbo wa Mzee Wanyonyi

Mwanangu, ipo Jumapili moja ya ujana wangu ambayo hunirudia kila nikishika gitaa, na hata leo hunitia aibu.

Miaka ya hamsini ilikuwa ikielekea kuisha, nami nilifanya kazi katika shamba moja la kahawa huko Ruiru. Jirani yangu kambini alikuwa Mzee Wanyonyi, seremala wa shamba, mtu wa Bungoma. Alikuwa amepigana vita vya Burma, na huko askari mmoja Mmarekani, mzaliwa wa milimani, akamfundisha nyimbo za fidla za kwao. Mzee alirudi nazo kichwani, akawa akizipiga kambini kwa fidla yake, lile zeze la kushikilia kidevuni. Hazikuandikwa popote.

Mimi nilikata kipande cha kitana kilichovunjika, nikawa nachapa nacho nyuzi za gitaa, chini, juu, chini, juu, nikiifuata fidla yake hatua kwa hatua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini shingo yangu ilikuwa ngumu.

Nyimbo zile huwa na sehemu mbili, na kila sehemu hupigwa mara mbili. Kulikuwa na mmoja ambao mzee aliupenda kuliko zote. Sehemu ya kwanza niliishika upesi, nikajiona fundi. Kila wikendi nilikwenda Thika kwenye dansi, nikairudia hiyo hiyo mbio mbio, watu wakipiga makofi, kichwa changu kikivimba. Usinicheke, nawe najua unapenda kushangiliwa.

Jumapili hiyo mzee aliniita, akikohoa.

"Kijana, leta gitaa. Leo tushike ile sehemu ya pili."

"Wiki ijayo, Mzee. Leo nangojewa Thika."

"Sehemu ya kwanza ni kubisha hodi tu. Wewe umesimama mlangoni na unafikiri umeingia. Na mimi sina wiki nyingi."

Nilidhani ni maneno ya uzee. Nikaenda zangu.

Alhamisi akafariki. Lori la kumpeleka kwao Bungoma lilipokuja, watu wa kambi tulikusanyika, na mjane wake akanishika mkono.

"Mwanangu, mpigie ule wimbo wake kabla hajaondoka."

Nilipiga sehemu ya kwanza, mara mbili. Kisha nikairudia tena, kwa kuwa sikuwa na nyingine. Mama aliinua kichwa.

"Na ile ingine?"

"Sikujifunza, Mama."

Hakunigombeza. Aliangalia jeneza, akasema polepole, "Basi anaenda nayo."

Nililia mbele ya watu wote, mwanangu. Tangu siku hiyo nimejaribu kuitunga sehemu ile mwenyewe, na hakuna hata moja iliyokuwa yake.

Wahenga walisema leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Mimi nilimdanganya mwalimu wangu kwa maneno mawili: wiki ijayo. Akikuita anayejua, nenda siku hiyo hiyo. Usichukue kile kinacholeta makofi ukaacha kinachotaka subira, maana wazee hawaondoki na vitu vyao tu. Huondoka na vyetu pia.

Mungu akupe vidole visivyochoka na moyo wa kukaa kitako. Na siku ya kumsindikiza mwalimu wako, mjane wake akikuomba umpigie, Mungu akujalie uwe na cha kupiga mpaka mwisho.