Karavani Mbili Uwanjani Sydenham

Mwezi uliopita mwenzangu mmoja kazini alikuja na picha za karavani, akazitandaza juu ya meza ya chai. Anastaafu. Anauza nyumba yake ya Westville ahamie kwenye magurudumu moja kwa moja, yeye na mbwa wake wawili na mashine yake ya kufinyangia vyungu. Ile aliyonunua kwanza inambana, kwa hiyo sasa anatafuta yenye nafasi zaidi. Pale mezani wote walimsifu. Mmoja alimwita jasiri, mwingine akasema huo ndio uhuru wa kweli. Mimi nilishika kikombe changu mpaka kikapoa, kwa sababu maneno yaliyonijaa mdomoni hayakufaa kusemwa kwenye meza ya chai. Acha nikuambie wewe.

Sisi tuliishi kwenye karavani miaka sita, tangu nikiwa na miaka minane, na hakuna mtu hata mmoja aliyetuita majasiri.

Ilikuwa Sydenham, mtaa wa mji huu huu, nyuma ya nyumba ya mjane mmoja wa Kihindi aliyetukodisha uwanja wake. Baba alitengeneza simu kwenye duka dogo kule Overport. Mama alisuka nywele saluni, na akirudi alishona nguo za kwaya kwa cherehani yake, si kwa kazi bali kwa kupenda tu. Koko, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu Bukavu, alikaa na sisi. Na alikuwepo Sharp, mbwa wa kahawia mwenye miguu mirefu, aliyemfuata baba kutoka kazini siku moja na hakurudi alikotoka. Chini ya ngazi niliweka sungura wangu wawili.

Karavani yenyewe ilikuwa fupi kiasi kwamba kila kitu kilikuwa vitu viwili. Meza ikishushwa ilikuwa kitanda changu na cha koko. Kazi yangu kila jioni ilikuwa kuondoa cherehani, kufuta meza, kuishusha, kutandika, halafu kumvuta Sharp atoke mlangoni ili baba aweze kufunga. Baba alikuwa na gita la besi alilopiga kanisani. Akitaka kufanya mazoezi, sisi wengine tulitoka nje, kwa sababu shingo ya gita ilifika hadi kwenye sufuria.

Lakini nakwambia, palikuwa kwetu. Asubuhi harufu ya majani ya mchuzi ya mjane iliingia dirishani ikakutana na sombe, kisamvu cha mama. Mvua ikinyesha, paa lilipiga kelele mpaka tukaacha kuongea, tukabaki kutazamana na kucheka. Shuleni mwalimu alituambia tuchore nyumba zetu. Nilichora karavani, na Sharp mlangoni, na ndoo ya maji kando ya bomba. Aliandika chini kwa wino mwekundu: chora nyumba yako, si likizo yako. Niliipeleka karatasi ile nyumbani. Koko alisema nimrudishie mwalimu nimwambie aje kunywa chai kwenye likizo yetu. Sikuthubutu, na mpaka leo najuta.

Kisha mama akapata mimba. Siku hiyo tulikaa wote juu ya kitanda, hapakuwa na mahali pengine pa kukaa, na mama akaongea kwa upole. Mtoto atahitaji ile sehemu kando ya mlango. Sehemu hiyo ilikuwa ya Sharp.

"Na Sharp ataenda fasi gani?" niliuliza.

"Ao tunapata karavani kubwa mbele mtoto azaliwe," baba alisema, "ao tunamupatia mtu."

Ndipo tulipoanza kutafuta. Jumamosi baada ya Jumamosi kiongozi wa kwaya ya kanisani kwetu alitupakia kwenye pikapu yake, tukaenda kutazama karavani zilizotangazwa kwenye mbao za matangazo madukani. Mama alipima kila kitu kwa utepe wake wa ushonaji: mlango, kitanda, pembe itakayobeba cherehani. Baba alisimama katikati na besi begani, akageuka polepole kuona kama itagonga ukuta. Koko alilala kwenye kila kitanda na kufumba macho. Mimi nilikuwa na kamba yenye urefu wa Sharp, kutoka pua hadi mkia, na niliilaza sakafuni kila tulipoingia. Moja ilikuwa na nafasi lakini paa lilivuja. Nyingine, fupi kama yetu, sakafu ilikuwa imeoza hadi mguu wa koko ukapita mpaka chini, akabaki amesimama kama mti, akitukana kwa Kishi, lugha ya kwao.

Halafu tukaliona tangazo la karavani moja ya Westville. Nilipiga simu mimi, kwa sababu Kiingereza changu kilikuwa cha shule. Mwanaume aliyejibu alikuwa mchangamfu. Njooni, alisema, bado ipo.

Ilikuwa chini ya miti mirefu, imefunikwa turubai safi, ndefu maradufu ya yetu. Ndani kulikuwa na kitanda cha nyuma chenye mlango wake, meza isiyohitaji kushushwa, na kabati refu ambalo besi ilisimama ndani bila kuguswa na kitu. Kamba yangu niliilaza mara tatu na nafasi ikabaki. Mama alipima pembe moja, akapima tena, akaninong'oneza, "Cherehani inaingia. Na kitanda ya mtoto inaingia." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Kwenye kitanda cha nyuma alilala mbwa wa yule mwanaume, mnene, mweupe, kichwa juu ya mto. Koko alijibanza kando yake akajaribu kulala.

Yule mwanaume alisimama mlangoni. Aliuliza tunapenda kwenda kupiga kambi wapi, milimani au pwani.

Baba alimwambia ukweli. Kwamba tutakaa humo. Sydenham, uwanjani kwa watu, pamoja na mbwa wetu.

Uso wake ukabadilika. Hakupaza sauti, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Alisema kwa huruma kwamba watoto wake walikua kwenye karavani hii, kila Desemba wiki mbili, na asingependa kuiona ikimalizikia uwanjani kwa watu. "Si kitu cha kuishi ndani yake," alisema. "Na mbwa humo ndani, kila siku? Hapana, jamani."

Mbwa wake alikuwa bado amelala pale kitandani. Alikoroma.

Mama aliuliza, nikatafsiri: "Kwa mwaka munakaa humu siku ngapi?"

"Siku hizi? Hatuitumii tena."

"Sisi tungeitumia kila siku."

"Ndiyo, mama," akajibu. "Ndilo tatizo lenyewe."

Mama alikunja utepe wake taratibu, akauzungusha kwenye vidole kama afanyavyo akimaliza gauni. Na baba, baba yangu ambaye hela alikuwa nazo mfukoni na heshima zake zote, alimpa yule mtu mkono akamwambia asante.

Tulipofika robot ya kwanza, yaani taa za barabarani, ikawa nyekundu na pikapu ikasimama. Koko akamgeukia baba.

"Ulimushukuru juu ya nini?"

Baba aliitazama ile taa nyekundu.

"Nakuuliza. Ya kutukatalia? Ao ya kutuonyesha vile mbwa yake inalala?"

"Mama, tafazali," baba alimwomba.

"Hapana tafazali. Mimi nililala kando ya ile mbwa. Iko na mto!"

Nililia kwa hasira. Nilimkasirikia yule mtu, ndiyo, lakini zaidi nilimkasirikia baba. Sikujua wakati ule kwamba mtu anaweza kusema asante ili watoto wake watoke salama kwenye uwanja wa watu. Nimejua baadaye, na haijanipunguzia hasira hata kidogo. Imeiongeza.

Robot ikawa kijani na baba akaanza kucheka peke yake. "Ile fupi," alisema. "Ile koko alitoboa. Nani alisema lazima ikuwe moja?"

Tuliinunua ile mbovu. Kiongozi wa kwaya aliivuta, mjane akahamisha kamba zake za nguo kutupa nafasi, na baba akaziweka mbili zikitazamana, mlango kwa mlango, kisha akajenga katikati sakafu ya mbao na paa la mabati. Ilimchukua wiki saba. Pale katikati ndipo tulipoishi hasa. Cherehani ilikaa mezani usiku na mchana. Sungura walipata banda lenye ghorofa. Baba alipiga besi akiwa amekaa, na mjane aligonga dirisha lake kwa kijiko kufuata mdundo. Mdogo wangu alijifunza kusimama kwa kushika masikio ya Sharp, naye Sharp alivumilia, akinitazama tu.

Mwaka 2015 mjane alifariki, watoto wake wakauza uwanja. Wenye vyuma chakavu walikuja na nyundo; kufikia mchana karavani zote mbili zilikuwa mabati juu ya lori. Tulihamia fleti Overport, vyumba viwili, ghorofa ya tatu. Kanisani watu walitushika mikono wakitupongeza: sasa mna nyumba. Kwenye nyumba hiyo cherehani iliingia chini ya kitanda, maana jirani wa chini hakutaka sauti ya pedali. Besi iliingia kwenye mfuko wake. Sungura niliwagawa. Na kwenye ukuta wa ngazi palibandikwa sheria za jengo, na ya nne ilisema hakuna mbwa.

Sharp alikwenda kwa kiongozi wa kwaya. Tulimtembelea kila Jumapili baada ya ibada. Mwanzoni alitusikia tukiwa bado barabarani, akaruka getini mpaka akaanguka. Kisha alikuja akitembea. Jumapili moja aliinua kichwa, akatutambua, akapiga mkia mara mbili chini, akalala tena kwenye kivuli chake. Mama alisema ni vizuri, amezoea. Nilijibu eish, ndiyo, ni vizuri. Kisha nikatoka nje ya geti, nikasimama barabarani nikiwa nimekunja ngumi, na hapakuwa na mtu wa kumpiga.