Mstari wa Nyasi wa Murray Gadsby

Murray Gadsby alikisoma kijitabu cha kampuni ya viwanja akakiamini, na tangu siku hiyo hakupona. Jalada lilisema: Ishi. Cheza. Fanya Biashara. Ndani kulikuwa na picha ya ziwa, na kando ya ziwa mwanamke anakunywa kahawa huku anacheka peke yake. Murray akauza nyumba aliyoachiwa na mama yake kule Footscray, akahamia Tamarisk Waters, huku nje kabisa magharibi mwa Melbourne, mahali ambapo miaka kumi iliyopita palikuwa na miiba na kondoo wachache waliokonda.

Hilo ziwa nalijua. Ni shimo la kukusanyia maji ya mvua yatokayo barabarani, na lina kibao kinachokataza kuogelea, kuvua na kulisha bata. Nyumba nazijua zaidi, maana mimi ni fundi wa jipsamu na nusu ya kuta za mtaa huu nimezifunga kwa mikono yangu. Ni nyembamba kiasi kwamba jirani akikohoa chumbani kwake, wewe ndiye unayetafuta dawa. Lakini msikilize Murray, utadhani kahamia peponi. Alikuwa muuza matairi, na mtaa aliusifu vilevile alivyosifu matairi, kwa kukupigapiga begani.

"Kila kitu kitakuwepo hapa, bwana," aliniambia. "Treni inakuja. Maduka yanakuja. Bwawa la kuogelea linakuja."

"Yamekuwa yakija tangu mwaka gani?"

"Wewe kazi yako kubeza tu."

"Sibezi. Nataka kujua nianze lini kuvaa viatu."

Kitu kimoja tu alikuwa nacho cha kusifiwa, nami nakitaja shingo upande. Mbele ya kila nyumba kuna ukanda wa nyasi kati ya njia ya miguu na barabara. Ni mali ya manispaa, ila kuukata ni juu yako. Huku kwetu mtu akikata ukanda wake husukuma mashine hadi kwa jirani, hatua mbili tatu, ndipo anapogeuza. Jirani akiwa mzee au mgonjwa, unamkatia wote, wala hakuna anayekuomba wala anayekushukuru. Lakini kukomea mpakani kabisa ni tusi, afadhali umtukane mtu usoni. Sasa jirani wa Murray ni Coral Whitford, mwanamke wa miaka themanini na moja mwenye nyonga ya chuma. Mumewe Neville alipofariki, Coral alimpa Murray mashine ya marehemu, na kwa miaka minne Murray alikata kuanzia kona yake hadi mwisho wa kwa Coral bila kukosa.

Ndipo kampuni ikajenga ukumbi wa wakazi kando ya lile shimo lake, na ukumbini ikaweka kibanda cha kahawa. Murray akakitaka kile kibanda kama mtoto anavyotaka pipi. Aliacha kazi ya matairi kabla ya kupewa chochote, akasoma kozi ya kahawa siku mbili, cheti akakitundika sebuleni. Kampuni ilisema kibanda atapewa mkazi ikiwa nyumba thelathini zitamwunga mkono mkutanoni, nyumba yake mwenyewe isihesabiwe. Zisipofika, kinachukuliwa na watu wa mjini wenye mikahawa yao kila kona.

Mkewe Leanne alikuja kwenye uzio wangu, macho mekundu. "Akikikosa hiki tunauza nyumba," alisema. "Mshahara wangu peke yake hautoshi. Usimwambie nimekwambia."

Kampuni, kwa kuwa inajua watu wa aina ya Murray, ikamvisha kilemba cha ukoka. Msichana mmoja wa ofisini alimwambia nyumba yake itapigwa picha ya jalada jipya, kwa sababu yeye ndiye mfano wa mkazi bora. Kichwa kikavimba. Jumamosi iliyofuata nilimwona akikata nyasi, akafika mpakani na kwa Coral, akazima mashine.

"Imeishiwa mafuta?" nikamuuliza.

"Hapana. Wiki hii za kwake ziache zisimame."

"Kwa nini?"

"Nikizikata zote, zangu zitaonekana kama za kila mtu. Picha inataka tofauti, mzee. Wewe hujui mambo ya matangazo."

Kweli, siyajui. Kuta tu ndizo ninazozijua.

Picha ikapigwa. Jalada lilipotoka, upande wa Coral ulikuwa umeondolewa pichani hata hauonekani, kwa hiyo tofauti yake haikumfaa kitu. Na baada ya hapo hakurudi kukata za Coral. Mara mgongo, mara mvua, mara shughuli za kibanda, mwisho hata visingizio akachoka kuvitoa. Ulikuwa Oktoba, ambao huku ni majira ya machipuko, nyasi zinakua usiku na mchana. Za Coral zikafika magotini, na mpaka wao ukawa umenyooka kama uliopigwa kwa rula, huku za Murray fupi na za kijani kama zulia la dukani.

Mtaa mzima uliona. Watu walibadilisha njia za kutembeza mbwa ili wapite pale. Mimi mwenyewe niliwapeleka wawili watatu wakaone, na nilisimulia habari hiyo kwa kinyozi na kwa muuza nyama. Murray hakuambiwa neno hata moja. Sisi huku hatugombani, tunatabasamu na kupungiana mikono.

Mkutano ulikuwa Jumapili mchana, kwenye majiko ya umma ya kuchomea nyama kando ya maji. Murray alivaa aproni yenye jina lake, akachoma soseji na vitunguu kwa ajili ya wote, na wote wakala, wengine wakarudia. Kisha msichana wa kampuni akaomba wanaomtaka Murray wanyooshe mikono.

Ulinyooshwa mkono mmoja. Wa Coral Whitford, akiwa ameegemea fimbo yake.

Msichana alihesabu mara mbili kwa ajili ya heshima. Leanne aliweka chini sahani aliyoshika, akaenda garini. Murray akanijia, koleo la soseji bado mkononi, uso umemshuka.

"Nimewakosea nini?" aliniuliza. "Niambie wewe. Nimewakosea nini hawa watu?"

Nakiri niliona raha. "Ukifika nyumbani, tazama ukanda wako," nikamjibu, "halafu tazama unapoishia."

Alifikiri, na nikaona jambo lenyewe likimfikia pole pole mpaka akalazimika kukaa kwenye benchi. Nikageuka niondoke. Coral alikuwa nyuma yangu.

"Mkono wako sikuuona," alisema.

"Coral, baada ya alivyokufanyia? Wiki tano nyasi zako zimesimama mpaka magotini. Kila mtu ameziona."

"Najua mmeziona. Nilikuwa nawatazama dirishani mkipita." Alihamisha fimbo mkono wa pili. "Yeye alinikatia miaka minne. Nyumba yako ni ya tatu kutoka kwangu. Mashine huna?"

Ninayo. Ni ya petroli, na Septemba nilikuwa nimenoa visu vyake.