Glavu Moja ya Sufu

Glavu za binti yangu zinakauka juu ya hita, na harufu ya sufu iliyolowa imejaa chumba. Harufu hiyo hunirudisha jikoni kwetu, katika nyumba ya kupanga kule ughaibuni, Takoma Park, jioni moja ya utoto wangu, mama akisukuma chapati.

Asubuhi ya siku hiyo, theluji ikianguka, nilimpa mwenzangu glavu yangu moja tukingoja basi la shule. Mwalimu alinisifu mbele ya darasa zima. Jioni hiyo nilikuwa nikimsimulia mama kwa mbwembwe kaka yangu aliponikatiza.

"Acha zako! Ulitaka tu ticha akusifu. Hiyo haihesabiki."

Kweli sifa zile zilinipendeza. Machozi yakanilengalenga. Niliona wema wangu wote umeharibika.

Mama hakuacha kusukuma. "Mwanangu, mkono wa mwenzio ulipata joto?"

"Ulipata."

"Na wewe ulifurahi?"

"Sana, mama."

"Mimi nikiwapikia wageni, hukaa nikala nao. Umewahi kuona mgeni akishiba nusu kwa kuwa nami nimekula?"

Nikacheka. Kaka akanyoosha mkono achukue chapati, mama akaupiga kofi jepesi. "Wewe subiri kwanza, mhesabu wema wa watu!"

Kesho yake mama alinivika soksi nene ya baba kwenye mkono uliokosa glavu. Ilinifika kiwikoni. Kituoni watoto walicheka, nami nikaupunga mkono ule juu kabisa, mpaka dereva wa basi naye akanipungia.