Nyumba ya Ngazidja Tuliyoipima Rasbura

Mke wangu alipofika kwetu Rasbura, pale Lindi, mara ya kwanza, mama alimpa maji ya kunywa, naye akayapokea kwa mikono miwili akasema, "Marahaba." Mama akanigeukia. Kwetu neno hilo ni la mkubwa, akishaamkiwa shikamoo. Sasa binti mgeni, hata kuamkia hajaamkia, anamwitikia mkwewe kana kwamba yeye ndiye mzazi. Ikabidi nieleze pale pale mlangoni kwamba kwao Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, marahaba maana yake ni asante. Mama alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Tangu hapo wakawa wanaelewana wao kwa wao kuliko walivyoelewana na mimi.

Tulikuwa tumekutana Dar es Salaam. Mimi ni mwashi, na wakati huo nilikuwa kwenye jengo moja la Kariakoo. Yeye alikuja na mama yake mdogo kununua vitambaa na vyombo vya kupeleka kwao kuuza. Tukaoana, kazi ya Kariakoo ikaisha, nikamleta Lindi. Tukapanga vyumba viwili karibu na mama, tukajaliwa binti.

Habari ya kujenga ilianza mama mkwe wangu, kule Ngazidja, alipoanza kuumwa miguu na kuhitaji mtu wa karibu. Mke wangu ndiye binti yake pekee, wengine wote ni wanaume, na wanaume wa kule wakioa wanahamia kwa wake zao. Nyumba ni ya mwanamke. Anajengewa na baba na kaka zake, na yeye akifa anawaachia mabinti. Kiwanja chake kilikuwepo siku zote, ubavuni mwa nyumba ya mama yake, katika ardhi wanayoiita ya manyahuli, yaani ya ukoo wa upande wa mama, ambayo haiuzwi wala haigawanywi kwa wanaume. Kaka zake wakapiga simu kusema wanataka kuanza.

"Waambie wasianze," nilimwambia. "Mimi ni fundi. Siwezi kulala kwenye nyumba iliyojengwa na mashemeji wakati mikono ninayo. Wao watafute mawe, nyumba nitaijenga mwenyewe."

Nilisema hivyo nchi yenyewe sijaikanyaga. Kiwanja nilikuwa nimekiona kwenye simu tu, shemeji yangu mmoja akitembea na kamera huku akihema.

Nikaanza kuchora. Nyumba niliyoichora ilikuwa ya Lindi tupu: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili, uani jiko na choo, na kwenye kona ya uani kisima. Mke wangu aliishika ile karatasi akaitazama kidogo.

"Hiki nini?"

"Kisima."

"Utachimba mpaka wapi? Kule ni jiwe la volkano. Mvua ikinyesha maji yanapita yote yanakwenda zake chini. Hatuna mto, hatuna visima. Tuna tangi."

"Basi tangi tutaweka nyuma."

"Tangi haliwekwi," alisema. "Nyumba ndiyo inayowekwa kwenye tangi. Unaanza na tangi, halafu unafikiria paa litamwagaje maji humo, halafu ndiyo vyumba."

Nimejenga nyumba nyingi kati ya Kilwa na Lindi na sijawahi kuanza na maji. Nikachana karatasi, nikaanza upya.

Lakini yeye si mtu wa karatasi. Vyumba vilivyochorwa havimwingii akilini. Alitaka kujua kitanda kikikaa hapa, mlango utafunguka kweli? Mama yake akitoka chumbani na mkongojo, atafika chooni bila kupanda ngazi? Kwa hiyo siku moja ya mapumziko nikachukua vigingi na kamba tukaenda kwenye uwanja mtupu nyuma ya nyumba ya mama, tukaipima nyumba nzima pale chini kwa ukubwa wake halisi. Nilinyoosha kona kama ninavyozinyoosha kazini, kwa sababu sijui kupima ovyo hata kwa mchezo. Mke wangu akawa anaingia na kutoka. Akasimama jikoni, akainama kama anayepuliza moto, akageuka, akasema, "Hapa nitagonga ukuta kwa makalio. Sogeza." Nikasogeza.

Jirani akaja mbio. Alidhani tunaanza kujenga, na kamba yetu moja ilikuwa imekaribia mpaka wake.

"Fundi, mbona hatujaambiana?"

"Si ya hapa, mzee. Nyumba hii ya Komoro."

Alituangalia mmoja mmoja. "Ya Komoro," akasema. "Sasa mbona mnaipima Rasbura?"

Mke wangu alimweleza kwa upole. Yule mzee akasikiliza, akaridhika, kisha akatushauri dirisha la chumba kikubwa lisielekee magharibi, jua la jioni litatutesa. Ulikuwa ushauri mzuri, tukaufuata.

Mjomba wangu alifika kutoka Sudi siku iliyofuata, vigingi bado viko chini. Kwetu Wamwera, mjomba ndiye mwenye neno katika mambo ya ndoa zetu, na mama alikuwa amempigia simu. Nilimwamkia, akaitikia, akavua kofia, akauliza moja kwa moja.

"Hati ya hiyo nyumba itaandikwa jina la nani?"

"Kule hakuna cha kuandika, mjomba. Ardhi ni ya kwao. Nyumba itakuwa ya mke wangu."

"Na wewe utakuwa nani humo?"

"Mume."

"Na akikuchoka?"

Mama alikuwa anachambua mchicha pembeni. Akasema bila kuinua macho, "Kaka, baba yetu alijenga wapi?"

Babu yangu, baba yao, alitoka kijiji kingine bara ya Lindi akaenda kuishi kwa bibi. Aliwalimia wakwe, akajenga kwenye ardhi yao, akazaa huko watoto wote. Ndivyo walivyofanya wazee wengi wa kabila letu siku hizo. Nilikuwa naijua habari hiyo juujuu, lakini sikuwahi kuiunganisha na yangu.

"Ndicho ninachokisema mimi," mjomba alijibu. "Alijenga kwa mama. Walipokosana aliondoka na shoka na mkeka. Nilimsindikiza mimi mpaka barabarani. Wewe ulikuwa mdogo."

"Nakumbuka."

"Basi unamtakia mwanao hivyo?"

Mama akaweka mchicha chini. "Mume wangu alipofariki," alisema, "ndugu zake walikuja kabla eda haijaisha. Nyumba ilikuwa ya baba yao, wakaiuza. Haki yangu walinipa, siwezi kusema walinidhulumu. Lakini fungu langu halikutosha hata kupaua banda. Nililala na watoto barazani kwa jirani mpaka wewe ulipokuja kutuchukua. Unakumbuka na hilo?"

Mjomba akaigeuza kofia yake mkononi, mama akaendelea.

"Kama ningekuwa na nyumba iliyo yangu kwa mama yangu, wangekuja na kuondoka, na watoto wangu wangelala walipozoea kulala. Huyu ana binti. Nyumba ya Ngazidja itakuwa ya binti yake. Mimi sioni alichopoteza."

Nilikuwa mdogo tulipolala barazani kwa jirani. Nilikuwa nakumbuka ubaridi wa sakafu na paka aliyekuwa anatupitia juu ya miguu, na niliwahi kudhani ilikuwa kama safari fulani. Mama hakuwahi kuizungumza mbele yangu. Nilitoka nje nikajifanya narekebisha kamba.

Mke wangu alikuwa ameyasikia yote. Tulipokuwa tunaanika nguo nilimuuliza kile nilichoogopa kukiuliza mbele ya watu.

"Mjomba anauliza, ukinichoka?"

Alifikiri kwanza. Ndilo jambo ninalolipenda kwake, hajibu ili kukuridhisha.

"Nikikuchoka utaondoka," alisema. "Kwetu ndivyo ilivyo, nikikuambia vingine nitakuwa nakudanganya. Utarudi huku kwa mama yako, na mtoto atakuja kukuona. Lakini hata hapa, ukinichoka wewe, mimi ndiye nitakayeondoka. Mbona hilo hakuna aliyekuja kutoka Sudi kuniulizia?"

Tulimaliza kuanika nguo. Sikusikia uchungu kama nilivyotegemea. Nilisikia kama mtu aliyeambiwa bei halisi ya kitu.

Mjomba alilala kwetu, na asubuhi, kabla hajaondoka, alizunguka ndani ya zile kamba mikono nyuma. Akauliza wageni watalala wapi. Nikamwonyesha chumba cha karibu na baraza. Akasema ni kidogo. Kisha akavaa kofia yake akaondoka.

Baada ya mavuno ya ufuta, kazi za ujenzi Lindi zikiwa zimepamba moto, nilikatisha kila kitu nikaenda Ngazidja kukiona kiwanja. Kile ambacho simu haikunionyesha ni mteremko. Shemeji yangu alikuwa anahema kwa sababu alikuwa anapanda. Nyumba yote tuliyoipima Rasbura kwenye uwanja sawa kama meza haikuweza kukaa pale hata kwa dawa. Upande mmoja ungehitaji msingi wa kimo cha mtu. Na ardhi ni nyeusi, mawe yake mepesi yana matundu matundu, yanakula nyundo. Mimi nimezoea jiwe la matumbawe, jeupe, linalokubali.

Mkwe wangu alitoka na mkongojo wake akasimama kando yangu. Kiswahili chake na Kingazidja chake vilikuwa vinachanganyika, lakini tulielewana. Nilimwambia ramani imeharibika.

"Haijaharibika," alisema. "Uliichora kwa kwenu. Sasa ichore kwa huku."

Nilikaa pale wiki kadhaa. Tuliamua nyumba ishuke na mteremko badala ya kupigana nao: chumba cha mama mkwe na choo chake juu, usawa wa barabara, vyumba vyetu ngazi tatu chini, na tangi chini kabisa, chini ya jamvi la jiko, yaani sakafu yake ya zege, ili maji ya paa yaende yenyewe. Mashemeji zangu walikusanya mawe, wanaume wa mtaa wakaja kuchimba siku ya Jumapili, na imamu wa msikiti wao akasoma dua fupi kabla sijapiga nyundo ya kwanza. Nilipowaambia kazini kwetu tunachanganya zege hivi, waliniambia huku tunachanganya hivi. Baadhi ya mambo walinishinda, mengine niliwashinda.

Sasa tangi limekwisha na msingi umetoka. Mke wangu na binti yetu wametangulia, kwa sababu mkwe wangu hawezi tena kukaa peke yake. Mimi nimerudi Lindi kumalizia nyumba ya mtu ambaye nilimwahidi, nafanya lipu, na baada ya Idi nitafunga vifaa vyangu. Dada yangu atahamia kwa mama.

Mama nilimwomba twende wote. Alikataa, na hakutaka tulizungumze sana. Alisema atakuja paa likishaezekwa, atakaa mwezi, halafu arudi, maana makaburi ya watu wake yako huku. Juzi nilimkuta ameshika simu, anaongea na mkwe wangu kwa sauti kubwa kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Walikuwa wanazungumzia mihogo, kule inapikwaje na nazi inatiwa saa ngapi. Nilikaa mlangoni nikangoja wamalize, maana simu aliipiga mke wangu kutoka kule, na nilitaka kumuuliza milango ya nyumba yake aitakaje.