Kiti cha Kushoto

Kuku wangu wanataga ndani ya gari la mashindano. Siandiki hivyo ili mtu acheke. Gari lipo nyuma ya jiko letu hapa Chanji, limefunikwa turubai la kuanikia mahindi, na tetea mmoja mweupe amechagua kiti cha kushoto, hataki kingine. Kile kiti kilikuwa changu. Kila ninapoingiza mkono kuchukua yai napandwa na hasira upya, na siku hiyo anayenisalimia anajibiwa kwa mkato.

Kwanza nieleze mbio zenyewe, maana watu wa mbali wakisikia mbio za magari wanafikiria matajiri. Huku kwetu mahindi yakishavunwa na ulezi ukishaingia ghalani, njia za mashambani zinakauka, upepo wa Ufipa unavuma mpaka masikio yanauma, na gereji mbili za mjini zinatoa magari yao. Moja ni ya Chanji, nyingine ya Izia, na watu wengine wachache nao wanaleta yao. Ni magari madogo ya zamani yaliyokuwa yamekufa, mafundi wakayafufua. Wameng'oa viti vya nyuma, wamechomelea mabomba ndani ili paa lisibonyee gari likipinduka, na mikanda wamefunga ya kubana mtu kifua na mabega. Njia inazunguka. Inaanzia nyuma ya misheni, inapita kati ya mashamba, inashuka bondeni kwenye tanuru la matofali, inapanda tena. Dereva anakaa kulia. Kushoto anakaa navigeta, na kazi yake ni kumwambia dereva kona inayokuja kabla hajaiona, kwa sababu vumbi letu ni zito na mabua ya mahindi yanaficha kila kitu.

Dereva wa Chanji alikuwa mume wangu. Navigeta nilikuwa mimi.

Kazi hiyo hatukujifunzia kwenye mashindano. Tulijifunzia kwenye njia ya Kirando, kule ziwani. Yeye alikuwa anaendesha pikapu ya kubeba dagaa, na mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo hayakunipeleka popote, nikaingia biashara ya dagaa. Nikawa napanda naye mbele. Asubuhi ule mlima wa kutoka ziwani unakuwa na ukungu, huoni hata pua ya gari. Yeye alikuwa anaogopa, ingawa mpaka leo hakubali. Mimi njia ilikuwa imeniingia kichwani kama wimbo wa kanisani. Nikawa namwambia, "Kulia, inabana. Legeza. Legeza, nimesema! Haya, sasa kanyaga." Ndio uchumba wetu huo. Wenzangu walipelekewa kanga na maneno matamu, mimi nilikuwa napiga kelele za kona huku nanuka dagaa, na nilikuwa na furaha kuliko wote.

Tukaoana, tukaanza kushindana, tukashinda. Izia wakala vumbi letu mpaka wakazoea. Watu walimwambia mume wangu, "Mwanangu, wewe una macho ya paka." Naye anacheka. Na mimi nacheka. Sikuona haja ya kusema macho hayo yalikuwa yanakaa kushoto. Tulikuwa kitu kimoja, nani anagawana sifa na mumewe?

Kisha nikapata mimba, nikashuka kwenye gari. Fundi mmoja wa gereji yetu akakaa mahali pangu. Mwaka ule Izia wakashinda, tena kwa mbali. Mume wangu akarudi nyumbani, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Gari limechoka." Nilikuwa nanyonyesha. Nikamwambia pole.

Sasa ipo desturi yetu moja, na yote yaliyonikuta yanatoka hapo. Mbio zikishakwisha, kesho yake baada ya misa, madereva wawili bora wanabadilishana magari. Wa Izia anaendesha la Chanji, wa Chanji anaendesha la Izia. Tunaita kuonjeshana. Utaratibu wake umetoka kwenye chungu cha kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi inayonywewa kwa mrija. Mwenye chungu ndiye anayenyonya kwanza, mgeni anaona, ndipo mgeni anapewa mrija. Na gari ni hivyohivyo. Mwenye gari anaendesha mzunguko wa kwanza, mgeni amekaa kushoto kwake, ili ajue hakuna breki mbovu wala ila iliyofichwa. Halafu wanabadilishana.

Siku ya kuonjeshana mwaka ule nilikwenda. Nilivaa sweta mbili, binti yangu nimemfunga mbelekoni, na mama mkwe pembeni yangu analalamika kuhusu baridi.

Walianza na gari la Izia. Dereva wao akamzungusha mume wangu, wakarudi, wakabadilishana, mume wangu akaenda mwenyewe. Aliporudi sikumjua. Alishuka taratibu, akapitisha mkono kwenye bodi ya lile gari kama mtu anayepapasa ng'ombe wa jirani. Alikuwa na sura ya mtu aliyelala kwenye nyumba ya umeme na sasa anarudi kwenye kibatari chake.

"Kaka," akamwambia mwenzake, "hili gari linakata kona lenyewe!"

"Hamna, ni wewe tu," yule akajibu kwa adabu.

"Nakuambia lenyewe! Mimi nimekaa tu mle kama abiria."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Ikaja zamu ya gari letu. Mume wangu akaendesha kwanza, mgeni kushoto. Kwenye tanuru la matofali akachelewa kukata kona, gari likaingia shambani, likalala upande kidogo kwenye matuta, likatoka kwa shida. Wakarudi wamejaa udongo. Yule wa Izia akajipangusa magoti, akamtupia mume wangu jicho. Ndiyo ila ya desturi ile. Mgeni anakaa kushoto, na aliyekaa kushoto haoni gari peke yake. Anamwona na dereva.

Akahamia kwenye usukani. Akafunga mkanda, halafu akageuza uso kwenye umati mpaka akaniona.

"Shemeji! Njoo unisomee njia."

Kelele zikaanza. "Mwache anyonyeshe kwanza!" "Shemeji, akikosea mzabe kibao!" Mama mkwe akaguna, "Mwanamke mzazi, kwenye baridi hii?" Lakini mume wangu mwenyewe akasema huku anacheka, "Nenda, mtoto mpe mama." Hakuona kitu. Kwake ilikuwa mchezo.

Nikaingia. Mkanda ukanibana kwenye maziwa, nikaupuuza. Yule mtu hakuwa amewahi kuendesha gari letu hata hatua moja, hajui klachi yake inakamata wapi, na hakuuliza. Aliniambia neno moja tu: "Sema."

Nikasema. Tukatoka nyuma ya misheni na mdomo wangu ukaanza kwenda mbele ya gari. Kushoto, refu, usiguse breki. Kuna tuta, nyoosha. Kulia, inabana mwishoni. Alikuwa anafanya ninachosema wakati nasema, si baada ya kufikiria kama mwanamke huyu anajua. Kwenye tanuru nikamwambia, "Sasa!" wakati hata mimi sioni kitu, ni vumbi tupu, na yeye akakata. Gari likapita pale kama limewekewa reli. Tangu nijifungue nilikuwa mtu wa nepi na uji. Mle ndani nilijikuta tena, mzima, na sauti yangu.

Tulipofika, mtu aliyekuwa anapima muda kwa simu aliitazama simu, akaitikisa, akaitazama tena. Gari letu halikuwa limewahi kwenda hivyo. Halikuwa limewahi, hata enzi zetu.

Yule wa Izia akashuka, akasema kwa sauti ya kawaida tu, lakini wote walisikia: "Gari halijachoka. Shemeji, msimu ujao njoo ukae na mimi. Gari la Izia na mdomo wako, nani atatushika?"

Macho yote yakamgeukia mume wangu. Alikuwa anachimba chini kwa ncha ya kiatu. Hakusema nenda, hakusema usiende. Nikamwonea huruma. Hapo ndipo ninapopajutia. Nilimwona ameaibika mbele ya vijana wake, nikataka kumfunika kama unavyomfunika mtu aliyepasukiwa na nguo.

"Hapana," nikasema. "Mimi nina dereva wangu."

Wakapiga makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Mama mkwe akanirudishia mtoto, akasema, "Umejibu kama mke." Nikatembea mpaka nyumbani kichwa juu. Kile kichwa juu ndicho kinachonikera kuliko yote.

Mvua za kwanza zilipokuwa zinaanza, tukiwa tunakunywa uji, mume wangu akafuta mdomo akasema, "Izia wanatengeneza gari la pili. Wameniita."

Nikadhani sijasikia. "Wamekuita wewe?"

"Niliwafuata mimi, wakanikubali. Mke wangu, hujaliendesha lile gari. Ungeliendesha ungeelewa."

"Na letu?"

"Letu limechoka."

"Na mimi?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, hakuwa anajifanya. "Wewe una mtoto. Wana navigeta wao."

Nilisema mengi siku hiyo, na mengine si ya kuandikwa. Nilipochoka akachukua koti akaenda Izia, na gari letu likakosa dereva, gereji ikalileta hapa nyuma ya jiko. Hakuniacha. Watu wakisikia hasira zangu wanadhani nimeachwa. Usiku analala hapa, ugali anakula hapa, mwanawe anambeba. Ndiyo maana hakuna hata mtu wa kumshitakia. Nitasema nini kwa paroko, kwamba mume wangu amependa gari la watu?

Mwaka huu mbio zilipofika nilijiapiza siendi. Nikaenda. Nikasimama kwenye tanuru la matofali, binti yangu amekua, anataka kushuka achezee vumbi. Yule dereva wa Izia akapita wa kwanza, safi. Kushoto kwake alikaa dada mmoja mwembamba ambaye sikumjua. Nikasikia la pili linakuja, nikajua ni mume wangu kwa anavyochelewa kubadili gia. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Sasa!" Nilipiga kelele mpaka mtoto akashtuka. Yeye akaja akakata baada ya pale, amechelewa vilevile, kwenye gari linalokata kona lenyewe. Akaserereka pembeni, akaenda. Alimaliza nyuma ya magari ambayo zamani tulikuwa hatuyahesabu.

Jioni, wakati watu wanatawanyika, yule wa Izia alinikuta nakunja kanga. Akamsalimia mtoto kwanza, ndipo akanisalimia mimi.

"Shemeji, kile kiti nilikiacha wazi mpaka mvua zilipokwisha."

"Mbona hukurudi kuniuliza?"

"Ulikataa mbele ya watu. Tena mbele ya mumeo. Ningerudi mara ya pili watu wangesema nataka kitu kingine."

Alikuwa sahihi, ndiyo maana nilitamani kumtukana. "Huyo dada anasoma vizuri?"

"Anajifunza," akasema. Akasita kidogo. "Kwenye tanuru nilikusikia, ujue. Ulipomsomea mwenzangu kona."

Kumbe sauti ilimfikia mpaka juu alikokuwa amefika. Mume wangu aliyepita karibu yangu hakuisikia.

Juzi mume wangu akaja nyuma ya jiko na spana mkononi. Nilikuwa napepeta ulezi. Akafunua turubai, akamfukuza kuku, akainama upande wa kushoto.

"Unafanya nini?"

"Nang'oa kiti hiki. Cha kule Izia mkanda wake umekatika, na huu bado mzima. Si kimekaa tu?"

Niliweka ungo chini. Nilimbeba binti yangu, nikampita, nikaingia ndani ya gari, nikakaa. Nikafunga mkanda, mtoto juu ya mapaja yangu. Kiti kilikuwa bado na joto la kuku.

"Haya," nikasema. "Kifungue."

"Acha utoto, mke wangu."

"Nimekwambia kifungue."

Akasimama pale. Mtoto akanyoosha mkono kwenye usukani mtupu, hakuufikia. Mbele yetu kioo kina ufa, na nyuma ya ufa ni ukuta wa jiko wenye masizi.

Nikamwambia lile ambalo sikuwahi kumwambia. "Siku ile nilikataa kwa ajili yako."

Akafikiri. Namjua akifikiri, anakunja nyusi kama mtu anayesikiliza injini. Hakuwa na ubaya aliposema, ndiyo maana siwezi kusahau.

"Nani alikutuma?"

Hakuna. Kama mtu angenituma ningekuwa na wa kumlaumu. Nilijituma mwenyewe, mbele ya watu, na nikapigiwa makofi.

Akangoja nishuke, sikushuka. Mwisho akaitia spana mfukoni.

"Chakula kipo?"

"Kipo jikoni. Jipakulie."

Akaenda. Nikabaki nimefungwa mkanda, mtoto anapiga dashibodi kwa kiganja, na yule kuku mweupe amesimama mlangoni anatutazama, anataka mahali pake.