Tulipokwenda Kuliombea Shamba la Mjane

Mpaka leo mtu akiniambia "utaratibu ni utaratibu" hasira inanipanda, na ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe. Maneno hayo niliyasema kwa kinywa changu, mlangoni kwangu Malangali, nikimjibu mwanamke aliyekuja kuniomba jambo dogo.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na katibu wa jumuiya yetu ya Kikristo, kaya kama kumi na tano hivi tuliokutana kusali kila Jumamosi asubuhi, leo nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile. Mwezi ule mada yetu ilikuwa upendo. Tuliijadili Jumamosi tatu mfululizo. Tulijua upendo una aina ngapi, unaanzia wapi na unapimwaje. Kwa kujadili, jamani, hatukuwa na mpinzani Sumbawanga nzima.

Tulikuwa pia na sheria mpya. Mama mwenyekiti wetu, mtu mnyofu na mchapakazi, alikuwa amechoshwa na wanaume wanaolewa Jumamosi, wakarudi nyumbani kupiga wake zao, na Jumapili wakasinzia kanisani. Alikuwa na haki ya kuchoka. Basi tukapitisha kwamba mwanajumuiya asipike pombe, asinywe, wala asiende kulima penye pombe. Niliyeandika ni mimi, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni, na mstari nikapiga chini yake.

Mfipa yeyote ataona tulipokosea. Kwetu ukitaka watu wakusaidie kuinua matuta, unapika kimpumu, pombe yetu ya ulezi. Wanakuja na majembe asubuhi na mapema, wanalima mpaka jua linakuwa kali, halafu wanakaa kunywa na kupiga soga. Ndivyo mtu asiye na nguvu anavyopata nguvu za wenzake, tangu enzi za babu zetu. Tulipopiga marufuku pombe tukapiga marufuku na kusaidiana, na hakuna aliyesimama kusema. Mimi nililima kwa kimpumu tangu utoto, nikakaa kimya kama sijui.

Mwanamke mwenyewe alikuwa mjane, nyumba ya nne kutoka kwangu. Mumewe alifariki mwaka uliotangulia akamwachia watoto wanne, mkubwa yuko darasa la tatu. Miaka ile soko huria lilikuwa limeshaingia na mbolea ya ruzuku imekwisha. Ya dukani ilikuwepo, mifuko imepangwa vizuri, ya kutazama. Watu wakarudi kwenye matuta ya wazee: unapindua nyasi, unazifukia, zinaoza, na msimu unaofuata unapanda ulezi hapo. Lakini lazima uyainue wakati udongo bado una maji. Mvua zikikata, ardhi inakuwa tofali, na asiye na matuta mwakani hana cha kula.

Akaja kwangu jioni ya Jumatano. Akapiga magoti kunisalimia, shikamoo Mwalimu, nami nikamwinua. Akasema kimpumu ameshakipika, na amekipika kwa ulezi wake wa mwisho. Watu wa Jumamosi ameshawaalika, ila wengi ni wanajumuiya na wanaogopa. Je, katibu hawezi kuwaambia waje, mara hii moja tu?

"Mwalimu, mkono mtupu haulambwi," aliniambia. "Nitawaita na nini?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ningeweza hata kusema nenda, mimi sijaona wala sijasikia. Nikamjibu kwamba utaratibu ni utaratibu. Halafu, kwa kuwa nilijisikia vibaya, nikaenda kumweleza mama mwenyekiti, nikitumaini atanirahisishia mambo.

Akasikitika kweli. Akafikiri, kisha akasema huyu mama anahitaji kutiwa moyo, hivyo Jumamosi tusalie kwake, tuliombee na shamba. Nami nikaandika tangazo.

Basi tukaenda. Watu kumi na tisa, rozari mkononi, kanga za Mama Maria, tunaimba njia nzima. Tulipofika, niliwaona kwa macho yangu wanaume sita na wanawake wawili wakija kwa njia ya juu, majembe begani. Walipotuona uani walisimama. Mmoja alikuwa mwanajumuiya, akajificha nyuma ya mwenzake, mtu mzima na ndevu zake. Wakateta kidogo, wakageuka, wakarudi walikotoka. Mjane naye aliwaona. Alikuwa ameshika kikombe, akakiweka chini taratibu.

Tukasali rozari nzima. Tukasali litania. Mama mwenyekiti akalinyunyizia shamba maji ya baraka kwa kitawi, akizunguka pembe zote nne, nyasi zikimfika magotini. Halafu tukakaa kushiriki mada, na mada, kama nilivyosema, ilikuwa upendo. Mjane akatupikia chai, watu kumi na tisa. Tulikunywa. Hata mimi nilikunywa. Kimpumu kilikuwa ndani, kinachachuka kwenye mtungi, na harufu yake ilitufikia wote, tukajifanya hatuisikii. Tulipoondoka ilikuwa saa saba na udongo umepoteza asubuhi nzima. Njiani mmoja wetu akasema sala ya leo ilikuwa nzito. Nilitamani kumzaba kibao.

Mvua iliyonyesha usiku wa Jumamosi ile ikawa ya mwisho. Wiki iliyofuata nilikwenda kulima na mjane kila baada ya shule, na jembe langu, mimi peke yangu katika wale kumi na tisa. Nilikuwa nimezoea chaki, mikono ikatoka malengelenge, na kila siku udongo ulikuwa mgumu kuliko jana. Siku ya tano jembe likadunda. Tukaacha.

Nikamwomba mjane msamaha. Alianza kutembea kati ya matuta, akiyagusa moja moja kwa mpini wa jembe.

"Haya ya mstari huu wote tutakula mwakani, Juni mpaka Septemba," akasema. "Haya mpaka Krismasi. Haya mawili, Januari."

Akasimama. Mbele yake kulikuwa na nyasi tupu hadi mpakani. Nilisubiri anitukane. Ningeshukuru angenitukana.

Akanigeukia kwa adabu zake zote, kama mtu anayezungumza na kiongozi wake wa dini.

"Samahani, Mwalimu. Jumamosi hii mtarudi tena kwangu? Nijue mapema, maana sukari imekwisha."