Sura ya Biubwa

Tangu Biubwa azikwe, karai lake la maandazi limening'inia ukutani, na Mzee Bakiri hununua mkate kwenye spaza, kiduka cha mtaani. Walitoka Tanga pamoja, mume na mke, wakazeekea ugenini, mtaa wa Bellevue, chumba kimoja. Sasa amebaki na mjukuu, Nusaiba, ambaye Kiswahili anakielewa kuliko anavyokisema.

Picha ya Biubwa haipo hata moja. Hakupenda. Akiona simu imeinuliwa, alijifunika uso kwa kanga, akacheka.

Jumapili moja mchana Mzee alikuwa kibarazani kwenye kiti chake. Nusaiba amekaa ngazini na Glody, kijana wa Kikongo wa chumba cha nyuma. Simu ya Nusaiba ilikuwa na mchezo mpya: unajipiga picha, inakuzeesha.

Akaanza Glody. Akatoka na upara na macho mazito.

"Ni papa yangu kabisa," akacheka. "Bado geti tu."

"Na kofia ya sekiriti," Nusaiba akamwongezea.

Glody akaitazama tena. Baba yake alikuwa ndani amelala, akingoja zamu ya usiku ya kulinda geti. Kicheko kikamwisha. "Eish. Wewe sasa."

Nusaiba akajipiga. Akailaza simu kifudifudi gotini.

"Lete nimwone mke wangu anavyozeeka," Mzee akamtania. Biubwa angekuwa hai angedakia: mke mwenza gani huyo, hata chai hajui kupika.

Msichana akampa.

Mzee akaishika kwa mikono miwili. Midomo ile ile. Mikunjo ile ile ya macho.

"Umekuja?" akasema taratibu.

"Babu, huyo ni mimi."

"Najua."

Lakini hakuirudisha.

"Ndiyo nitakuwa hivi?" Nusaiba akauliza. "Kama bibi alipolala pale kitandani? Chumba hiki hiki?"

Mzee alitaka kusema, iache. Iache humo, nitakuwa nakuomba nimwone siku moja moja. Akamwona mtoto kidevu kinamtetemeka.

"Huyu ni bibi yako," akasema. "Uzee wake alishaumaliza. Wako hata haujaanza. Futa."

"Hutaki ibaki?"

"Futa, mama."

Akafuta. Glody akamgusa bega, wakaenda zao dukani.

Mzee akafumba macho amwone mkewe, kama alivyozoea kila siku. Ikaja sura ile ya kwenye simu. Safi mno. Haikuwa na lile kovu la kidevuni, mafuta yalipomrukia walipoanza kukaanga maandazi, naye akaendelea kukaanga mpaka maandazi yakaisha.

Akanyoosha kidole, akaliweka mwenyewe, hewani, upande wa kushoto.

Akasita. Au lilikuwa kulia?

Wa kumuuliza hakuwapo.